Kiti cha Namba Saba

Watu wakiiona pikipiki mpya husifu tangi, husifu rangi, wakichuchumaa husifu injini, na anayejiona mjuzi huliinamia bomba la moshi na kulisikiliza utadhani ni daktari. Kiti hakuna anayekisifu. Kitu pekee ambacho mtu atakikalia tangu anapoondoka hadi anapofika ndicho hicho ambacho hana habari nacho. Bi Sponji alikuwa amelijua hilo kwa miaka ishirini na saba, na wala halikumkera.

"Wakianza kukisifu kiti," alikuwa akisema, "ujue kuna mahali panawauma, wanatafuta namna ya kulisema kwa adabu."

Jina hilo la Bi Sponji alipewa kiwandani kwa sababu kila alipopita aliacha vipande vya sponji nyuma yake, kwenye korido, kwenye meza ya chai, hata msalani. Vilimnasa nywele na mikono ya sweta. Karakana yake ilikuwa mwisho kabisa wa jengo, baada ya chumba cha rangi, na dirisha lake lilitazama ukuta wa bati wa stoo. Humo mlikuwa na meza ndefu iliyokatwakatwa na visu, cherehani mbili nzito, mapipa ya gundi, na rafu ya viti vya zamani vilivyopangwa kama viatu. Hakukuwa na kiti cha kukalia. Vilivyokuwepo vyote vilikuwa vya kazi, na Bi Sponji alifanya kazi amesimama.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mshona magodoro mmoja mkorofi, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, marehemu sasa. Mzee huyo alimwachia sheria moja na hadithi moja. Sheria ilikuwa hii: kiti hakitoki karakana mpaka fundi wake amekula chakula cha mchana juu yake, kuanzia mwanzo wa sahani hadi mwisho. Mtu akiambiwa "jaribu kiti" hukaa kwa heshima, mgongo wima, kama yuko mbele ya wakwe. Akila husahau makalio yake, na makalio yaliyosahauliwa ndiyo husema kweli. Hadithi nayo ilikuwa kwamba kiti kizuri hasa ni kile ambacho mpandaji akishuka na kuulizwa "kiti vipi?", yeye anauliza, "Kiti gani?" Mzee alikufa hajawahi kujibiwa hivyo. Bi Sponji naye alikuwa bado anasubiri.

Na kwa kweli kiwanda chenyewe hakikuwa kimempa nafasi. Miaka yote hiyo kilitengeneza pikipiki za shida, za kubebea magunia, kreti za soda na abiria wawili wanaojifanya mmoja. Kiti cha pikipiki ya namna hiyo kinatakiwa kisichanike, basi. Ndipo wakubwa wakakaa wakaamua kwamba sasa kiwanda kitoe pikipiki ya kifahari, ya mtu anayetaka kwenda mbali na kufika akiwa bado anapendeza. Ulikuwa mradi wa saba wa kiwanda, na kabla haujapata jina la dukani wote wakauita Namba Saba.

Mkuu wa usanifu aliyeletwa kuusimamia alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Wafanyakazi walimbatiza Bwana Milimita. Kwa miezi mitatu mafundi wake walichonga Namba Saba nzima kwa udongo wa kahawia, ukubwa uleule wa pikipiki ya kweli, wakikwangua tangi na mabega yake kwa vyuma vyembamba. Bwana Milimita alikuwa akifumba jicho moja, akisogea hatua tatu nyuma na kusema, "Hapo ondoeni milimita mbili." Mafundi walikwangua hewa kidogo, wakapuliza vumbi ambalo halikuwepo, naye akasogea mbele akasema, "Eeh, sasa sawa!" Walimpenda hivyohivyo.

Lakini kiti alikichora yeye mwenyewe kwenye kompyuta, chembamba, kimeinuka mkiani, kinapendeza macho vibaya sana. Pikipiki ya kwanza ya majaribio ilipokamilika, mjaribu mkuu wa kiwanda aliipeleka barabarani kwa saa mbili, akarudi, akala chakula cha mchana amesimama.

Mjaribu huyo alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Bi Sponji. Bi Sponji alimwita shemeji, naye alimwita shemeji, na kwa kuwa walitaniana kwa sauti kubwa kutoka ncha moja ya kiwanda hadi nyingine, kiwanda kizima kikamwita Shemeji, hata wale ambao hawakuwa na dada wa kumwoza. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alizijua barabara zote za mkoa kwa mashimo yake, na masikio yake yaliweza kusema nati gani imelegea kabla fundi hajafungua sanduku la spana.

Bwana Milimita akamwita Bi Sponji akitazame kile kiti. Bi Sponji alikibonyeza kwa kidole gumba, akakizunguka, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, usikasirike."

"Sikasiriki, mama. Sema tu."

"Kiti hiki kimechorwa na mtu aliyesimama."

Mwingine angenuna. Bwana Milimita alicheka mpaka kalamu moja ikadondoka, kisha akafanya jambo ambalo wakubwa hulifanya mara moja kwa mwaka: alikubali. "Basi kitengeneze wewe," akasema. "Kichonge kwa mkono. Ukimaliza tutakipiga picha ya kompyuta, kitoke hivyohivyo kama ulivyokiacha. Sitaki mtu akiguse."

Bi Sponji alirudi karakana akitembea kama aliyepigiwa vigelegele. Alitembea vizuri, kwa kweli, na kutembea vizuri huko kulimgharimu.

Miaka miwili nyuma aliteleza kwenye ngazi za stoo akiwa amekumbatia jora la reksini, ile ngozi ya bandia ya kuvalishia viti. Hakukuwa na mtu. Aliinuka, akajicheka mwenyewe, akaokota jora lake. Nyonga ya kushoto haikucheka. Tangu siku hiyo ilimuuma asubuhi, ikamuuma akisimama sana, na ikamuuma zaidi akikaa. Utaratibu wa kiwanda ulikuwa wazi: mwenye hitilafu ya viungo hasimami kwenye meza ya visu na mashine, huhamishiwa vifungashio kubandika karatasi kwenye maboksi. Bi Sponji aliwahi kumwona fundi mwenzake akihamishwa hivyo. Ndani ya mwaka mmoja yule bwana alikuwa amezeeka kwa miaka kumi. Kwa hiyo Bi Sponji alijifunza kutembea bila kuchechemea mbele za watu, na kuchechemea ilikuwa kazi ya nyumbani.

Nyumbani alikuwepo binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye sauti iliyozoea kunyamazisha watoto hamsini.

"Mama, nenda hospitali."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Namba Saba ikiisha."

"Namba Saba ikiisha itakuja Namba Nane."

"Basi na mimi nitakuwa na miguu minane, nitachagua mzuri."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimbana, anakutania. Lakini moyoni alikuwa na hofu ya kweli, tena hofu ya usiku na mchana, kwamba watamtoa mezani kabla hajatengeneza kiti kimoja cha kusema "hiki ni changu".

Alichonga vitatu vya kwanza akavitupa. Cha nne kilikuwa laini mno. Aliyekaa alizama kama kwenye uji. Cha saba kilikuwa kizuri mbele, kibaya nyuma. Kila kimoja alikifunga juu ya fremu tupu iliyokuwa karakana, akapanda na sahani yake mapajani, akala. Na kila mara kabla sahani haijafika nusu nyonga ilianza, naye alijiambia: bado. Akirudi mezani aliondoa kidogo pale palipomsumbua, akapiga msasa, akapitisha kiganja, akaondoa tena.

Cha kumi na moja alikipanda siku ya Jumanne. Alikula. Sahani ikafika nusu. Akaendelea. Ikafika mwisho, akailamba na vidole, na ndipo alipogundua kwamba hajabadilisha upande hata mara moja. Hakuumwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili mwili wake wote ulikuwa umetulia mahali pamoja, na machozi yakamtoka hivihivi, sahani ikiwa mkononi.

"Ndicho hiki," akasema peke yake. "Mzee wangu, ndicho hiki."

Bwana Milimita alikikalia dakika tano akasema hajawahi kuona kama hicho. Mafundi wa udongo walikikalia mmojammoja, na kila mmoja akashuka anatabasamu. Nani hatabasamu kwa dakika tano? Kiti kikapigwa picha ya kompyuta kama kilivyo, kikatengenezwa cha mfano, kikavalishwa ngozi ya rangi ya karafuu yenye mishono miwili sambamba, kikafungwa juu ya Namba Saba ya majaribio. Ijumaa ya wiki mbili mbele ingeagizwa kalibu, yaani chombo cha chuma cha kumiminia sponji, ambacho kikishachongwa hakibadiliki, na viti elfu vitakavyotoka humo vitakuwa ndugu mapacha.

Zikabaki safari ndefu za majaribio, na hizo alikuwa nazo Shemeji peke yake. Saa sita mfululizo, kwenda na kurudi.

Siku ya kwanza alirudi akavua kofia ngumu, akakuna kichwa. "Inavuta kushoto," akasema.

Mafundi wakaikagua. Magurudumu yamenyooka, fremu imenyooka, shokapu zote mbili sawa. Siku ya pili akasema, "Inavuta kushoto, na mgongo unaniuma." Wakafungua shokapu, wakafunga nyingine mpya. Siku ya nne ikawa hivyohivyo. Wajaribu wadogo wakaipanda nusu saa, wakarudi wanashangilia. Pikipiki iko kama risasi, inavuta wapi? Na hapo ndipo maneno yalipoanza kwenye meza ya chai. Hayakusemwa kwa ubaya, ila yalisemwa. Shemeji ana hamsini na mbili. Mgongo una miaka yake. Labda haivuti pikipiki, labda kinachovuta ni kaburi.

Bi Sponji aliyasikia na kuyachekea pamoja nao. Hata alimrushia kijembe mwenyewe: "Shemeji, nikushonee kiti cha mkongojo?" Kiti chake hakikumpitia akilini. Angekifikiriaje, na yeye mwenyewe amekula juu yake mpaka akalia?

Jumatatu ya wiki ya kalibu ingekuwa na kikao. Bwana Milimita alikuwa amesema kwa upole wake, na upole ndio uliolifanya neno liume zaidi: kama mpaka hapo chanzo hakijajulikana, ripoti za Shemeji zitawekwa kando, na majaribio yatakabidhiwa kwa wajaribu wadogo. Shemeji angepewa kazi ya kukagua matairi yanapoingia stoo.

Jumapili jioni Shemeji alikuja kumsalimia shemeji yake, kama kawaida yake. Kwa kawaida angeanza utani mlangoni. Siku hiyo alisema "hodi" tu, akaketi kwenye kochi. Binti akamletea chai.

"Shemeji," akasema baadaye, akikitazama kikombe, "labda wanasema kweli."

"Wanasema nini?"

"Kwamba nimezeeka. Maana mimi naisikia inavuta. Naisikia kabisa. Lakini mashine zote zinasema haivuti. Sasa mimi na mashine, nani mwongo?"

Bi Sponji alitafuta mzaha wa kumpa, akaukosa. Alimwona mtu ambaye kwa miaka thelathini aliyaamini masikio yake na mgongo wake kama mwingine anavyoiamini saa, na sasa alikuwa haviamini tena. Roho ilimuuma.

"Inakuuma wapi hasa?" akauliza.

"Hapa. Kushoto, chini ya mkanda. Nikikaa ndiyo balaa."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya karanga. Alimtazama huyu, akamtazama yule, akacheka. "Baba mdogo, mbona unakaa kama mama?"

Wote wawili wakajitazama. Shemeji alikuwa amekaa kwa tako la kulia, la kushoto ameliinua kidogo, mkono umeshika ukingo wa kochi. Mbele yake, kwenye kochi la pili, Bi Sponji alikuwa amekaa vilevile, tako kwa tako, mkono kwa mkono. Shemeji alicheka pia, akachukua karanga. Bi Sponji hakucheka. Chai ilimpoa mkononi.

Asubuhi ya Jumatatu alifika kiwandani kabla mlinzi hajamaliza kufungua mageti. Alikiteremsha kile kiti cha kumi na moja, chenyewe alichokichonga kwa mkono, akakifunga mezani. Alichukua kipande cha kadibodi, akakilaza upande wa kulia wa kiti, akakikata taratibu mpaka kikakaa juu ya mteremko wake bila kuacha nafasi hata ya wembe. Kisha akakigeuza kile kipande, akakilaza upande wa kushoto.

Kidole chake cha shahada kilipita chini ya kadibodi bila kugusa popote.

Alisimama pale na kidole chake shimoni. Mchana baada ya mchana, sahani baada ya sahani, alikuwa ameondoa sponji pale palipomsumbua. Na palipomsumbua palikuwa ni mwilini mwake. Alikuwa ametengeneza kiti bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, kwa ajili ya mtu mmoja duniani. Mwenye nyonga nzima akikikalia huzama kushoto, mwili wake unajinyoosha bila yeye kujua, na baada ya saa sita mgongo unadai haki yake. Hata kuvuta kulikuwa kweli: uzito wa Shemeji ndio uliokuwa ukiivuta pikipiki. Masikio yake hayakumdanganya. Hakuna aliyedanganya isipokuwa yeye Bi Sponji.

Nisiseme uongo kumpamba: wazo la kunyamaza lilimjia, tena halikuja peke yake, lilikuja na ndugu zake. Angeweza kusema sponji imelegea. Angeweza kusema ameota kiti kizuri zaidi, anaomba wiki moja, na Bwana Milimita angempa, maana angempa chochote. Kosa lingefukiwa, nyonga ingebaki siri, na yeye angebaki mezani. Lakini Shemeji? Angebaki na jina la mzee aliyesikia visivyokuwepo. Kiti kingenyooka, mtu angebaki amepinda.

Alipanda juu ya kile kiti. Hakuwa na sahani. Alikaa tu, na kiti kikampokea kama kilivyompokea siku ile, bila maumivu, kikimbembeleza. Alikaa kwa muda. Kisha akashuka, akachukua kadibodi yake, akaenda kwenye chumba cha kikao.

Aliwakuta watano: Bwana Milimita, mafundi watatu wa fremu, na Shemeji aliyesimama karibu na mlango, kofia yake ngumu kwapani, kama mtu anayengoja kuambiwa aondoke. Bi Sponji hakubisha hodi. Na alitembea kutoka mlangoni hadi mezani akichechemea waziwazi, kama anavyotembea jikoni kwake. Wote waliona.

"Samahanini," akasema. "Pikipiki haina kosa. Na huyu hana uzee. Kosa ni nyonga yangu."

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo akawaeleza. Alieleza ngazi za stoo, miaka miwili, sahani kumi na moja. Walimfuata karakana, naye akawawekea kadibodi kulia, akawawekea kushoto. Bwana Milimita alitoa rula, akainama. Akapima mara mbili.

"Milimita kumi na moja," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeona neno hilo ni la kuchekesha.

"Nilificha," Bi Sponji akasema. "Niliogopa vifungashio. Mwanangu, nihamishe leo hii kama utaratibu unavyotaka, sina la kubisha. Lakini kwanza umwambie huyu mbele ya watu kwamba alisikia kweli."

Bwana Milimita uso ulimwiva. Aliposema hakusema kwa hasira, ingawa Bi Sponji angependa hasira kuliko kile alichosikia. "Kompyuta iliniuliza," akasema. "Ilipopiga picha iliniuliza kama isawazishe pande mbili. Nikaikatalia. Nikasema usiguse kazi ya mama." Akakuna shavu kwa kalamu. "Basi tuko wawili."

Kisha akamgeukia Shemeji, akampa mkono mbele ya mafundi wote. "Ulisikia kweli, kaka. Tusamehe." Shemeji alitikisa mkono huo. Alitoka nje kwenda kuiangalia pikipiki, ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Zilibaki siku nne hadi Ijumaa. Bi Sponji alichonga kiti cha kumi na mbili, na sheria ya mzee wake aliivunja na kuitimiza kwa pamoja: safari hii hakula yeye. Alimlisha Shemeji juu yake, akamlisha mpishi wa kantini aliyekuwa na mapaja ya kutosha watu wawili, akamlisha karani mwembamba wa stoo, mlinzi wa geti na wanawake wawili wa chumba cha rangi. Yeye alisimama pembeni ameegemea meza, hamtazami mtu usoni, anatazama viuno tu, na kila sahani ilipokuwa ikiisha alipiga kelele: "Wewe! Umejisogeza. Panakuuma wapi?"

"Sijajisogeza, Bi Sponji."

"Nimekuona. Shuka."

Kadibodi ilikwenda kulia, ikaja kushoto, mpaka hata wembe haukupita.

Alhamisi Shemeji akaondoka asubuhi na Namba Saba. Saa sita nzima barabarani. Bi Sponji siku hiyo hakushona kitu. Alifagia karakana mara tatu, kazi ambayo haijawahi kumpata, na vipande vya sponji vikamshangaa. Jua lilipoanza kuinama walisikia ule mlio wa injini getini, wakatoka wote, Bwana Milimita mbele na kalamu zake.

Shemeji alizima, akashuka, akavua kofia. Hakushika kiuno. Alianza kusimulia palepale: upepo wa kwenye daraja, lori lililomziba kilomita nane, jinsi injini inavyoimba ikipanda kilima, na breki ya mbele inayotaka kukazwa kidogo tu. Alisema, alisema. Bwana Milimita aliandika. Mwisho Bi Sponji hakuvumilia.

"Haya, shemeji. Na kiti?"

Shemeji alimtazama, akili bado iko barabarani.

"Kiti gani?"

Wenzake walidhani anamtania, wakacheka. Bi Sponji alijua hatanii. Alikaza midomo, akageuza uso kwenye ukuta wa bati, na Bwana Milimita, aliyekuwa amesimuliwa hadithi ya yule mzee, akatafuta kwa bidii kalamu ambayo haikuwa imepotea.

Kalibu iliagizwa Ijumaa. Jumatatu yake Bi Sponji alikwenda hospitali, binti yake akimshika mkono kama anavyowashika watoto wanaotoroka kipindi. Daktari alimkemea, akampangia siku ya kutibiwa, akaandika kwamba hatasimama tena mezani. Utaratibu ni utaratibu. Hata Bwana Milimita hakuweza kuupinda, ila aliupinda kidogo: badala ya vifungashio, Bi Sponji angebaki karakana kuwafundisha mafundi wawili wapya kushona na kuchonga, mradi afanye hivyo ameketi. Siku ya mwisho ya kusimama alivivalisha visu vyake kitambaa, kimojakimoja, akaviweka kwenye droo. Ilimuuma. Yeyote anayesema kazi ni kazi tu hajawahi kuipenda yake.

Asubuhi iliyofuata alikuta kitu nyuma ya meza. Kilikuwa kiti kifupi, miguu minne ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa kwa mkono wa mtu asiye fundi wa kuchomelea. Juu yake palifungwa sponji ya kumi na moja, ileile yenye kombo, imevalishwa ngozi ya rangi ya karafuu na kushonwa mishono miwili iliyokwenda upogo kama njia ya mlevi. Hakuhitaji kuuliza ni nani katika kiwanda kizima anayeweza kusafiri saa sita lakini hawezi kushona shubiri moja.

Mchana binti yake alipita na chakula, maana shule ilikuwa imefungwa. Alimkuta mama yake ameketi katikati ya mafundi wapya, sahani imeisha, anawafokea kwa furaha. Alimtazama alivyokaa, sawasawa, mikono yote miwili iko huru.

"Mama," akanong'ona, "nyonga vipi?"

Bi Sponji hakugeuka hata. Alikuwa anamwonyesha mmoja wao namna ya kushika kisu.

"Nyonga gani?"